Mtoto wa mchungaji usharika unapogawanyika

Jina lake la ubatizo hulisikia nyumbani tu. Nje ni "mtoto wa mchungaji". Siku za amani jina hilo humpa hata kipande kinono harusini. Usharika ukigawanyika, linamkaba, maana nyumba, marafiki, kwaya na imani vyote vimepitia kwenye kazi ya baba.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) limeyaona: Dayosisi ya Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Dayosisi ya Konde, ambako mwaka 2022 watu walikuwa wakivutana juu ya uongozi na makao makuu, Tukuyu au Mbeya. Habari huwa za maaskofu. Mtoto wa darasa la saba asiyejua akae benchi la nani haandikwi popote.

Silaha inayomfikia yeye ni 1 Timotheo 3, pale panaposema asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza Kanisa. Wanaotaka mchungaji ahamishwe huanzia hapo: binti kasuka nini, kijana kaonekana wapi na nani. Suruali inakuwa ajenda ya baraza la wazee! Mtoto akishalijua hilo, ama anaigiza utakatifu, ama anaharibu makusudi. Vyovyote vile, bado anaishi kwa kuwajibu wabaya wa baba yake.

Vikao vya mgogoro visifanyikie sebuleni, kwa sababu mtoto aliye jikoni anasikia kila kitu. Asitumwe kupeleka barua, wala asihojiwe nani kaonekana kwa nani. Mpeni jibu moja la kutumia njiani: "Shikamoo mzee. Hayo aulizwe baba."

Kipaimara ndipo wengi wanapokosea. Mafundisho kwa kawaida huchukua miaka 2, na mtoto anahitaji mahali pa kusema "sijui kama naamini" bila neno hilo kufika mezani wakati wa chakula. Akifundishwa na mwinjilisti aliye chini ya baba yake, litafika jioni hiyo hiyo. Apelekwe usharika jirani, na akiomba kusubiri mwaka mmoja, asubiri.

Uhamisho ukija, nyumba ni ya usharika, mtatoka. Aliye kidato cha nne abaki bweni au kwa shangazi mpaka amalize mtihani wa Novemba. Mizigo ikishapakiwa, mpeni nusu saa akawaage wenzake wa kwaya, hata wale ambao wazazi wao walitia sahihi barua ya kumkataa baba.