Magoti mawili kwa operesheni moja: mimi nimepona, na kiti ndicho kilichonisaidia

Hapa Wete, Pemba, wapo watu ambao nikiwaambia nimebadilishwa magoti yote mawili siku moja, hunitazama juu mpaka chini. Wengi wao ndio walewale walioapa kwamba nikithubutu, nitarejeshwa nimefunikwa shuka.

Gegedu, ile tabaka laini inayokinga mifupa isikwaruzane, ilikuwa imekwisha, mfupa unasaga mfupa, miguu imeota matege. Nilichuliwa kwa mafuta ya karafuu nyumba nzima ikanukia. Sindano za ndani ya goti nazo nilichomwa, zikanituliza kwa muda tu.

Walionikera zaidi ni wale waliosema "fanya yote umalize", kama vile ni kutoboa masikio. Daktari wa Dar alinieleza vyema. Ganzi ni mara moja, kulazwa mara moja, na tabu ya mazoezi mara moja. Lakini mwili unapata kishindo kikubwa: damu inapotea zaidi, huenda ukaongezewa, na hatari ya damu kuganda mguuni ikapanda mapafuni, au moyo kuelemewa, ni kubwa kuliko kwa goti moja. Ndiyo maana hakunijibu mpaka alipopima moyo, mapafu, figo, sukari na wingi wa damu. Akauliza na nyumbani nakaa na nani. Wifi yangu, tuliyekwenda naye, alikataliwa kwa ajili ya moyo. Akaambiwa afanye moja kwanza, la pili baada ya miezi. Alininunia boti nzima. Mimi naona alitendewa haki.

Operesheni yenyewe sina la kuhadithia. Ganzi ya mgongo, nikasikia nyundo kwa mbali, nikasinzia. Kesho yake wakanisimamisha, nikalia. Gharama msiniulize: ng'ombe na kipande cha shamba vilikwenda, na watoto wakajazia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Bwana mmoja aliyefanyiwa goti moja alininasihi: "Bibi, ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mbovu." Mguu mzima upi? Mimi yote miwili ilikuwa na mshono! Ukifanya kwa pamoja, mikono ndiyo miguu yako. Usiketi mahali pasipo pa kushika ukajiinua.

Na choo chetu ni cha kuchutama. Mjukuu wangu, fundi wa maneno, akachukua kiti cha plastiki akakitoboa tundu kwa kisu kilichopashwa moto. Moshi ukatufukuza ndani. Nikakijaribu nikiwa nimevaa nguo zangu zote, alhamdulillahi. Miguu ya kiti ikaanza kutanuka juu ya vigae, taratibu, kila mmoja na njia yake, nami nimening'inia baina ya ukuta na shingo ya mtoto wa watu. "Bibi usicheke, nitakuangusha!" Nani alikuwa akicheka? Tukamwita seremala. Akatengeneza cha mbao nene, mikono mirefu, kimo kupita goti kidogo ili nisikunje sana, na chini ya kila mguu wa kiti akapigilia kipande cha tairi kuukuu kisiteleze. Kiti hicho kilinifaa kuliko nusu ya vidonge.

Mazoezi niliyafanya barazani: nakaa, naburura kisigino nyuma juu ya sakafu, navuta kwa kanga iliyofungwa wayoni. Dawa ya maumivu nameza kabla, si baada ya kupiga kelele. Baada yake barafu za vifuko za jirani, nazizungushia kitambaa. Kunyoosha nako ni muhimu sawa na kukunja: mwanangu kwa huruma aliniwekea mto chini ya magoti nilale, nikautupa, maana goti likizoea kujikunja halinyooki tena sawasawa. Na jamani, shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, msimwite mchuaji. Ni hospitali, mbio. Sindano za kuzuia damu kuganda sikuruka hata moja.

Leo nakwenda sokoni kwa miguu yangu, na matege yamenyooka, ati nimerefuka. Chuma na plastiki hii mwanangu alinisomea kwamba, kwa uchambuzi uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2019, magoti bandia kama 82 katika 100 hudumu miaka 25. Kwa umri wangu yanatosha. Mbuzi ya kukunia nazi siikalii tena, ni ya chini mno, anakuna mkwe wangu. Nasali kitini.

Wifi amekwishafanyiwa goti lake la kwanza na anasubiri la pili. Kile kiti cha seremala kiko kwake, na mwingine mtaani ameshakiwekea miadi.