Kirusi Kitupu

Kazi yangu ya shahada ya uzamili kule Uingereza ilikuwa kuambukiza mimea ugonjwa kwa makusudi. Nilipomweleza mama kwenye simu alicheka. "Mwanangu, huku Muheza batobato inatumalizia mihogo, wewe umepanda ndege kwenda kuwagawia wazungu?" Nikamwambia, siyo mihogo mama, ni mmea wa jamii ya tumbaku uliotoka Australia, Nicotiana benthamiana. Watafiti wanaupenda kwa udhaifu wake: jeni yake moja ya kujikinga na virusi imeharibika, hivyo virusi vingi vikiingia hustawi. (Sikumwambia kwamba hata kirusi cha batobato kimeshageuzwa chombo cha kuchunguzia jeni za muhogo. Tungekesha.)

Kirusi chetu sisi kilikuwa TRV, kirusi cha ugonjwa wa tumbaku. Unachukua kipande kifupi cha jeni unayotaka kuijua, unakichomeka ndani ya kirusi. Mmea unapopambana na kirusi huikatakata RNA yake (molekuli inayobeba maagizo ya jeni), na vile vijipande vinakuwa kama picha ya mtuhumiwa iliyobandikwa kituoni: RNA yoyote inayofanana navyo hukamatwa na kukatwa, hata iwe ya mmea wenyewe. Jeni inazimika, nawe unaangalia mmea umepungukiwa na nini.

Kirusi hakiingii chenyewe, kinabebwa na agrobakteria, bakteria wa udongoni wanaoweza kupenyeza jeni ndani ya mmea. Unajaza uji wa bakteria kwenye bomba bila sindano, unalikandamiza upande wa chini wa jani huku kidole kikizuia upande wa juu, unasukuma taratibu. Jani linalowa, doa la kijani kizito linatambaa kati ya mishipa. Hakuna kazi ya maabara niliyoipenda kuliko hiyo.

Mimea michache ilipewa kipande cha PDS, jeni inayohitajika kutengeneza karotenoidi, rangi zinazoikinga klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, isiunguzwe na mwanga. Jeni hiyo ikizimwa, mwanga huunguza klorofili na majani machanga huota meupe. Ni alama ya kwamba kirusi kimesambaa na uzimaji umefanya kazi. Watafiti walionyesha weupe huo tangu 1995. Asubuhi moja nilifungua chumba cha mimea nikakuta vilele vyeupe pe, majani ya chini bado ya kijani. Nilisimama pale kwa muda, mlango wazi, hadi kengele ya joto ikalia.

Ndipo nikaitazama treya ya jeni yangu, ile niliyokuwa naichunguza. Mimea ilikuwa mifupi kidogo. Lakini ile ya ulinganisho, iliyopewa kirusi kitupu kama daftari la maabara lilivyoelekeza, ilikuwa na hali mbaya zaidi: imedumaa, majani yamejikunja, mengine yameanza kukauka. Kwa hesabu hiyo, kuzima jeni yangu kulikuwa kumeuponya mmea! Mwenzangu wa meza ya pili akaanza kuniandalia kichwa cha makala.

Fundi mkuu wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, alivaa miwani akainama juu ya treya. Akauliza kirusi kitupu kina nini ndani. Hakuna kitu, nikajibu. Akasema basi hapo ndipo penye shida: kirusi kisichobeba mzigo huzaliana kwa kasi na kuumiza mmea kuliko kile kilichotwishwa kipande. Mzigo ulinganishwe na mzigo. Akanipa kirusi chenye kipande cha jeni ya protini ya kijani ya konyeza, yule wa baharini anayewasha. Mmea hauna jeni hiyo, kwa hiyo hakuna cha kuzimwa.

Tulirudia yote. Safari hii mimea ya ulinganisho ilisimama vizuri, na ile ya jeni yangu ikabaki mifupi. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilionekana, na vipimo vya RNA vikathibitisha kwamba kazi ya jeni hiyo ilikuwa imeshuka kwenye majani ya juu. Muujiza wa kuponya ulikwisha hapo, na mwenzangu akafuta kichwa chake cha makala.

Kwenye tasnifu niliweka pia picha ya mimea ya kirusi kitupu, kwenye kiambatisho. Msimamizi aliona haina haja. Niliiacha palepale, kwa sababu daftari la maabara lilikuwa bado halijabadilishwa.