Breki Zilizorudi Zenyewe

Mwezi wa saba 2018 niliishiwa breki nikishuka kutoka Chunya, na nilipofika mjini Mbeya hakuna aliyeniamini, kwa sababu breki zilikuwa zimesharudi.

Tulikuwa tunatoka msibani. Gari lilikuwa Corolla 110 yangu, otomatiki, na ndani tulikuwa wanne: mimi kwenye usukani, shemeji yangu pembeni, nyuma mama mkubwa na binti yake. Kwenye buti kulikuwa na gunia la karanga na madumu mawili ya asali. Huwezi kutoka Chunya mikono mitupu halafu majirani wa Mwanjelwa wakuelewe.

Anayeijua barabara ile anaijua. Unapanda, unapita Lwanjilo, baridi inaanza kukutafuta masikioni, unaingia kwenye miti ya Kawetire, na ukishavuka mgongo wa mlima unaiona Mbeya nzima imelala bondeni, mabati yanamemeta. Watu husimama pale kupiga picha. Baada ya hapo ni kushuka tu, kona inaitana na kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili kitu ambacho mama mkubwa alikataa kukitazama.

Nilishuka kwenye D, gia ya kila siku ya otomatiki. Ile 2 na ile L, gia ndogo zilizoandikwa chini yake, nilidhani ni za kwenye matope. Kwa hiyo kazi yote ya kulizuia gari niliuachia mguu wa kulia, nao ukalala juu ya breki toka juu, bila kunyanyuka.

"Weka N, shemeji," alinishauri shemeji. "Mlima wa bure huu, unachoma mafuta ya nini?"

Nilikataa. Wala si kwa ujuzi, nilikataa kwa sababu sikupenda kufundishwa gari langu mwenyewe mbele ya mama mkubwa. Ubishi wangu umewahi kunigharimu sana maishani, lakini siku ile nadhani ulitusaidia.

Kilichotangulia ni harufu, kama ya kandambili iliyoangukia jikoni kwenye mkaa.

"Mwe! Nani anachoma nini huko?" akauliza mama mkubwa.

Nikadhani ni watu wa mashambani. Kona iliyofuata nikakanyaga, mguu ukaenda. Kila siku mguu unakutana na kitu kinachokujibu. Pale haukujibiwa na chochote, ulizama laini hadi kwenye kapeti kama nimekanyaga sponji iliyolowa. Nikaunyanyua, nikakanyaga tena. Tena. Mara ya nne breki ikashika kidogo, shingo zikaenda mbele, halafu ikaachia.

Nyuma sala zikaanza, mama kwa Kinyakyusa na binti kwa Kiswahili. Nikavuta gia hadi kwenye 2. Injini ikapiga kelele, gari likapungua. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye hendibreki. Hapo nilimkumbuka marehemu baba: usiivute yote kwa mpigo, bonyeza kitufe chake na ukibonyeze muda wote, vuta na uachie, vuta na uachie, la sivyo matairi ya nyuma yatajifunga na gari litageuka uso. Nikavuta na kuachia. Chini ya kona kulikuwa na njia ya kuingilia shamba la viazi, imepanda kidogo. Nikaweka L, nikakata usukani. Gari likaruka tuta, likazama kwenye udongo mweusi, likatulia.

Fuso iliyokuwa nyuma yetu ilisimama. Utingo aliruka na jiwe mkononi akalikita nyuma ya tairi kabla hata sijapata sauti ya kumsalimia. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linafuka moshi mweupe mwembamba. Shemeji alishafungua chupa ya maji.

"Usimwagie, kaka!" yule kijana akapiga kelele. "Diski itapinda. Liache lipoe lenyewe."

Tulikaa pale karibu saa nzima, tukila karanga za msiba. Nilipojaribu tena, pedali ilikuwa juu, ngumu, imara, utadhani hakuna kilichotokea. Shemeji alikanyaga na yeye, akanitazama, akanyamaza. Kile kimya chake kilinikera kuliko angesema. Tulifika nyumbani kwa gia ya L, mwendo wa harusi.

Kesho yake nikalipeleka gereji. Fundi kijana akalizungusha mtaa mmoja, akarudi anatabasamu. "Dada, breki zinakamata vizuri tu. Labda ulipaniki." Nikasema sikupaniki. Akasema basi kama nina wasiwasi tubadilishe masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, anayo moja nzuri, imetoka Dubai na gari lililokatwa. Nikamuuliza, kama breki ni nzima, masta silinda inabadilishwa kwa kosa gani? Akasema ni kwa usalama. Shemeji, aliyenisindikiza, akamkonyeza kuhusu wanawake na milima. Niliona.

Ukweli ni kwamba kufikia jioni nilishaanza kuutilia shaka mguu wangu. Labda nilikanyaga kando. Labda viatu vya msibani. Ni jambo baya kuambiwa na watu watatu kwamba halikutokea jambo ambalo mwili wako unalikumbuka.

Jirani yangu anayeuza mchele wa Kyela ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja kule Iyunga. Gereji yake ni uani tu: mparachichi, shimo la zege, na mabenchi yaliyokuwa viti vya basi. Aliendesha malori ya Zambia miaka mingi kabla ya kushika spana, na milima ya kutoka Kitonga hadi Tunduma aliizungumzia kama mtu anavyowazungumzia wakwe. Sikumaliza kueleza, akanikatisha.

"Ilivyokwenda chini, ilikwenda laini au ilikuwa ngumu?"

"Laini, mzee. Laini kama sponji."

"Na ulipopampu, ikapanda?"

"Kidogo."

"Na ilipopoa ikarudi."

Hilo la mwisho hakuliuliza, alilisema. Nilitaka kulia.

Hakufungua tairi. Aliingia kwenye gari na kiatu chake kimoja amevua. Alisema soksi inasikia zaidi. Injini ikiwa imezimwa akapampu mara nne, tano, hadi pedali ikawa kama jiwe, akaishikilia hivyo hivyo na kuwasha gari. Pedali ikashuka kidogo chini ya mguu wake. "Busta nzima," akasema, yaani kile kinachousaidia mguu kusukuma breki. "Ingekuwa imekufa, pedali ingebaki ngumu na ungekuwa unasukuma breki kwa nguvu za paja." Halafu akakanyaga tena, injini ikiunguruma, akatulia hivyo kwa muda mrefu, macho kwenye mparachichi. Nilimuuliza anasubiri nini. Anasubiri kuona kama itazama yenyewe polepole. Mafuta yakiwa yanapenya kwenye raba za masta silinda, pedali inashuka mdogo mdogo chini ya mguu uliotulia, hata kama hakuna tone linalovuja nje. Haikushuka. Nikaifikiria ile masta silinda ya Dubai.

Ndipo akafungua bonati na kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki, akanionyesha. Mafuta mapya ni kama chai ya rangi nyepesi aliyopikiwa mgonjwa. Yangu yalikuwa kahawa. Lakini yalikuwa yamejaa hadi juu, na kujaa kule ndiko kulikomfanya anikazie macho.

"Nani anaongeza haya?"

Nikakiri. Tangu mwaka mpya taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka nikikata kona, inazima. Kuna mtu aliniambia ni mafuta yamepungua, nikanunua chupa, nikaongeza, taa ikaacha. Chupa iliyobaki niliiweka chini ya sinki jikoni, kifuniko hakijakaza vizuri. Baada ya miezi michache taa ikarudi, nikaongeza tena kutoka chupa ile ile. Na mlio? Ndiyo, kulikuwa na mlio pia, ule wa kukwaruza bati wakati wa kupunguza mwendo, karibu na Pasaka. Niliongeza sauti ya redio.

Mzee alicheka hadi akashika mgongo. "Taa ilikuwa inakuambia pedi, zile zinazoibana diski ya tairi, zimelika. Pedi zikilika, pistoni inayozisukuma inatoka nje zaidi, mafuta yanaifuata, kichupa kinapungua. Wewe ukaiziba mdomo kwa mafuta. Na mlio ule ni kibati kinachowekwa kwenye pedi makusudi kikwaruze diski zikikaribia kwisha. Kengele ya mlangoni, mama. Ukaifungulia redio."

Kijana wake akapiga jeki. Mzee akazungusha tairi la kulia kwa mkono, likaenda zaidi ya mzunguko mmoja. La kushoto likaenda nusu duara, likagoma. Alipofungua kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, aliweka pedi mbili za upande ule kwenye kiganja changu. Ya nje ilikuwa bado nene, kama biskuti mbili. Ya ndani ilikuwa imebaki chuma na alama nyeusi ya kilichokuwepo. Pini ambazo kalipa inateleza juu yake zilikuwa zimekauka kutu, hivyo kalipa haikuweza kurudi mahali pake nikiachia mguu. Upande wa kushoto ulikuwa unabana muda wote, hata nikienda sokoni. Akaniuliza kama usukani ulikuwa unavutwa kushoto nikifunga breki. Ulikuwa. Nilikuwa nimepeleka gari kupimwa matairi mara mbili kwa ajili hiyo, na kulipa.

Sasa maelezo yake, jinsi nilivyoyashika nikiwa nimekalia kiti cha basi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, kama chumvi jikoni wakati wa masika. Yale yaliyoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, yanavumilia hadi nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanywa maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Tairi linalobana, mguu usionyanyuka kutoka Kawetire, gari lililojaa watu na asali: yakachemka ndani ya kalipa. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika. Mafuta hayaminyiki, ndiyo maana mguu wako unafika kwenye tairi; mvuke unameza mguu wote. Ukipampu unaubana kidogo, unapata breki ya sekunde moja. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji maji, na fundi wa mjini anakuta kila kitu kizima.

"Kwa hiyo sikupaniki," nikasema, nikimtazama shemeji.

"Ulipaniki," mzee akasema. "Lakini baada ya breki kuondoka."

Kazi ilichukua asubuhi yote. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, kijana alinyonya mafuta kwenye kichupa kwa bomba la sindano, kwa kuwa yale niliyoongeza yasingekuwa na pa kwenda zaidi ya kumwagika na kula rangi ya gari. Pini zilisuguliwa kwa msasa, zikapakwa grisi yake maalumu. Pedi zikabadilishwa pande zote mbili. Mzee hakutaka hata kusikia swali langu kama tunaweza kubadili upande mmoja. Kisha mimi nikawekwa ndani kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, yeye akalala chini na spana namba 10 na mpira mwembamba ulioishia kwenye chupa ya Kilimanjaro.

"Pampu. Pampu. Shika! Usiachie."

Pedali inazama, kule chini kinasikika kitu kama mtu anayepiga chafya, anafunga nati, "Achia." Tukaanzia tairi la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda, tukamalizia la mbele karibu nayo. Chupani yalitoka meusi, yakaja ya kahawia yenye mapovu, mwisho yakaja yanayopitisha mwanga. Akaiinua juani anionyeshe. Shemeji aliangalia pia.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akanawa, akavaa koti, akakaa kiti cha abiria. "Twende ulikokosea."

Tulipanda tena hadi karibu na misonobari, tukageuza. Mkono wangu ulikuwa unateleza kwenye usukani. Akanifanya niweke 2 kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Akanifundisha kukanyaga kwa nguvu kidogo hadi gari lipungue, kisha kuondoa mguu kabisa, niuweke sakafuni, niache injini ishike. Kila nilipousahau juu ya pedali aligonga dashibodi kwa pete yake. Tulipolipita lile shamba la viazi, alama za matairi yangu bado zilikuwepo kwenye tuta. Hakusema kitu, na mimi sikupunguza.

Chini, Isanga, akaniambia niegeshe. Alishuka, akainama kwenye tairi la kulia, akasogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kuigusa. Akazunguka mbele ya gari, akafanya vile vile kushoto. Akarudi tena kulia. Mama mmoja mwenye kibanda cha mihogo alikuwa anamshangaa.

"Zinalingana," akasema akiingia ndani. "Nirudishe Iyunga, ugali wangu unapoa."