Umehesabu vilio tu

Ijumaa usiku. Harusi ya dada imepita salama, wageni wa Pangani wameshaondoka, mimi bado nimekwama kwenye neno la Mjomba.

Kibanda chake cha baiskeli pale Ngamiani mnakijua. Jumanne nilimkuta ananyoosha ringi, kabana msumari kwenye uma, gurudumu linazunguka. "Likigusa mara moja kwa mzunguko, limehama. Likigusa mara mbili, limekuwa yai." Nami nikaropoka kwamba hata sisi kazi yetu ndiyo hiyo, kujua kiini cha atomu ni duara au yai. Momenti ya kwadrupoli, yaani kipimo cha kiini kilivyoacha kuwa duara.

"Kinakaa muda gani hicho kiini?"

"Lithiamu-11, ile yenye protoni 3 na neutroni 8? Nusu yake inakufa ndani ya milisekunde 9 hivi."

"Basi hujakipima, mjomba. Umehesabu vilio tu."

Wateja wakacheka. Siku tatu natunga jibu bafuni, na kila nikilipanga linamuunga mkono yeye!

Maana ndivyo ilivyo. Mkondo wa atomu unamulikwa na leza ambayo mwanga wake unazunguka kama skurubu, mpaka spini za viini vyote (kila kiini ni kama kisumaku kidogo) zielekee upande mmoja. Kisha atomu zinapigiliwa ndani ya fuwele iliyo katikati ya ncha za sumaku. Kiini kikifa kinarusha elektroni, na kaunta, kile chombo cha kuzihesabu, ya upande mmoja inapata nyingi kuliko ya upande wa pili. Hapo unawasha mawimbi ya redio, unapandisha masafa kidogo kidogo. Yakiwiana na momenti ya sumaku, yaani nguvu ya kile kisumaku, spini zinapinduka, tofauti ya kaunta inatoweka. Kwenye uga wa tesla 0.3, lithiamu-11 inaitikia karibu na megahezi 5.6. Vilio, basi, ila unasikiliza vinatokea upande gani.

Umbo lina taabu zaidi. Fuwele ya silikoni haifai, kwa kuwa pande zake zinavuta sawasawa. Unaweka fuwele ya zinki badala yake, ambayo haivuti sawasawa, na mstari mmoja, yaani masafa yale kiini kinapoitikia, unakuwa mitatu. Ukirusha masafa ya mstari mmoja tu unachanganya ngazi mbili tu kati ya nne za nishati za spini, dalili inafifia. Rusha yote matatu kwa pamoja. Na jinsi uga wa umeme unavyobadilika toka sehemu hadi sehemu mle ndani ya zinki? Huhitaji kuijua. Pima lithiamu-9, yenye neutroni mbili pungufu, kwenye fuwele ileile, kisha gawanya. Msumari uleule, uma uleule. CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, walichapisha matokeo hayo mwaka 2008: kwadrupoli ya lithiamu-11 imeizidi ya lithiamu-9 kwa asilimia 8.8, kuongeza au kupunguza 1.5. Neutroni mbili zinaelea mbali kule nje, protoni ndani hata hazikushtuka sana.

Kesho nampelekea Mjomba kahawa na hiyo ya msumari. Atajifanya hasikii.

Dada hajapiga simu tangu wapande boti ya Pemba, na kusi limekaza toka alasiri.