Kofia ya farasi, helmeti ya boda na nywele za watu

Mimi ni msusi, nasuka hapa Ngamiani Tanga, na kitu kinachoniuma kuliko vyote kwenye kazi yangu ni kumuona mteja anatoka kwenye kiti changu kapendeza, anaita boda, dereva anamnyooshea helmeti, yeye anaipokea anaipakata mapajani mpaka kwao. Ukimuuliza anakwambia "anti si umenisuka sasa hivi, nizibonyeze?" Kama sio nywele basi ni mekapu, kama sio mekapu ni maneno ya watu, eti helmeti anavaa mtu alokuja mjini jana. Watu wa Tanga tunajali kutoka, mtu hata akienda sokoni Mgandini tu anajitengeneza, na mimi nakula kwa tabia hiyo hiyo kwahiyo siisemi vibaya hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tunapendeza halafu tunakiacha kichwa wazi kwa sababu ya macho ya watu.

Na leo nataka niliseme hili kwa kupitia farasi. Mdogo wangu yuko Dubai anafanya kazi kwenye banda la farasi, anawalisha anawasugua anawafunga matandiko, na kwenye voisi za Watsap akaanza kunisimulia habari za kofia za wapandaji, kwamba pale watu wanaangaliana kofia kwanza, farasi baadae. Kuna za mahameli nyeusi, kuna zenye vijiwe vinang'aa mbele, kuna za ngozi laini ambazo ukizishika na mikono ya kazi unagombezwa, na alokuja na ya plastiki ya bei ndogo haambiwi kitu lakini anaangaliwa mpaka anajijua. Nikaanza kufatilia mwenyewe, nikisoma usiku wateja wakishaondoka, na kadri ninavosoma naona kabisa hii ni kesi yetu sisi.

Huko Uingereza kwenye ule uwindaji wao wa mbweha kofia ilikuwa inataja cheo cha mtu. Waungwana walivaa zile kofia ndefu nyeusi, ya mahameli ikawa ya wenye msako na watumishi wao, na nyuma ya hiyo ya mahameli kuna kiriboni kidogo, cha mtumishi kinaning'inia chini, cha wengine kimeshonwa kuelekea juu. Kiriboni! Mtu anapimwa hadhi yake kwa ncha ya utepe kisogoni, na hakuna hata mmoja anaeuliza hiyo kofia ikipigwa chini itafanya nini.

Halafu kuna mashindano yanaitwa dresaji, farasi anapiga hatua kwa mpangilio, mara nyingine na muziki, mpandaji kavaa koti lenye mkia na kofia ndefu. Hiyo kofia ndefu hailindi kitu, ni kitambaa na gundi, lakini ilikuwa ndo alama ya kwamba umefika, umetoka kwenye uanafunzi uko na wakubwa. Helmeti walivaa watoto na wanaojifunza. Sasa mwaka 2010 mwezi wa tatu kuna mpandaji wa Marekani, Courtney King-Dye, huyo alishashiriki Olimpiki ya Beijing 2008, sio mwanafunzi, alikuwa Florida anamfanyisha farasi mazoezi, farasi akajikwaa miguu yake mwenyewe wakaanguka wote. Hakuwa na helmeti. Fuvu likapasuka na akakaa kwenye koma kama mwezi hivi, akaja kujifunza upya kutembea na kuongea. Farasi alijikwaa tu jamani, hakurusha mateke wala hakukimbia, na mimi hapo ndo nikamkumbuka mteja wangu aloanguka na boda mtaani kwao kabisa, wanakata kona polepole, mchanga ukateleza, na siku hiyo kichwani alikuwa na rasta mpya tu.

Baada ya ile ajali ikaanza kampeni kubwa ya helmeti kwa wapanda farasi, ila mimi naona kilichogeuza watu zaidi ni Olimpiki ya London 2012. Charlotte Dujardin wa Uingereza akaingia uwanjani Greenwich kavaa helmeti juu ya farasi wake Valegro, katikati ya watu wa kofia ndefu, akachukua dhahabu, ya timu na ya peke yake. Yeye aliwahi kupasuka fuvu huko nyuma kwahiyo hakuwa anaigiza. Na pale hoja ya kwamba helmeti ni ya wasiojua ikakosa pa kusimama, mana alieivaa ndo bingwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 shirikisho la dunia la farasi, FEI, likafanya helmeti iwe lazima kwenye mashindano yake ya dresaji, na wapo walolalamika kwamba mchezo unapoteza heshima yake. Heshima! Nikisoma hivo nawasikia wateja wangu kabisa.

Wengine wakibanwa walikuwa wanamtaja Malkia Elizabeth, na kweli, yule mama alipanda farasi mpaka uzeeni na mtandio tu, kuna picha za 2020 yuko Windsor juu ya farasi ana miaka 94, kaufunga chini ya kidevu kama bibi yeyote wa Chumbageni anaewahi hitma. Picha nzuri sana, naipenda. Lakini alikuwa anapanda farasi alozoeana nae, kwenye viwanja vyake, hakuna lori la saruji linakuja kwa nyuma. Wewe unaetoka Pongwe na boda unalo hilo lori. Na nasema hivi kwa sababu hapa kwetu kuna dada zangu wengi wanahesabu ushungi kama ndo kifuniko tayari, nimeshajifunika nivae nini tena juu. Ushungi ni stara, wallahi siugusi, ila hauwezi kupokea kishindo.

Kilichonishika zaidi mimi kama msusi ni kwamba hata wale nao tatizo lao ni nywele. Kuna aina ya mashindano Marekani ambayo mtindo unaotakiwa ni nywele zote zivutwe zifunike masikio, zitiwe neti, kisha zisukumwe ndani ya kofia. Sasa mtu mwenye nywele nyingi akifanya hivo inabidi anunue kofia kubwa kuliko kichwa chake, na siku akiziachia au akizibana chini ile kofia inacheza. Watu wa usalama wamelisemea hilo sana kwa sababu kofia inayocheza ikifika wakati wa kuanguka inahama, paji la uso au kisogo kinabaki nje. Hii mimi naijua kwa mikono yangu, ukimbana mtu fundo kubwa utosini helmeti inakaa juu ya fundo haigusi kichwa, inaelea, na kamba ya kidevu haifiki. Kwahiyo na sisi wasusi tumo humu ndani, sio madereva peke yao.

Ndo mana siku hizi kabla sijashika kitana namuuliza mteja anarudi na nini nyumbani. Akisema boda namshauri asuke ule mtindo wa twende kilioni, mistari inalala nyuma, mikia yote inashuka shingoni chini ya ukingo wa helmeti. Rasta ndefu ziachwe chini zifungwe kwenye usawa wa shingo, zisikusanywe juu, fundo la juu atafunga akishafika. Wigi likae kwenye mfuko livaliwe ukumbini. Ushungi uwe wa jezi laini usio na mafundo, na pini zile za utosini zitolewe mana ukizigonga zinaingia. Na ndani ya helmeti unavaa boneti ya satini, inazuia nywele zisikwaruzike na inakuepusha na jasho la abiria walokutangulia, hilo la jasho kwa kweli watu wana haki kulilalamikia, helmeti zingine zinanuka mpaka unasikia kichefuchefu.

Bei nayo ina maringo yake. Kule kwenye farasi Chuo Kikuu cha Virginia Tech kilizipima hizo kofia kikatoa matokeo 2022, na bei haikuonyesha ubora, zipo za bei kubwa zilizopata nyota chache kuliko za bei ya chini. Ile pesa ya ziada mara nyingi ni ngozi, ni vijiwe, ni jina. Na kwa boda ni hivo hivo, usiangalie mchoro wa moto ubavuni, angalia ndani kama kuna lile povu gumu jeupe, mana ndo linalofanya kazi, likipigwa linabonyea na kichwa kinasimama kwa kuchelewa kidogo badala ya kugota. Angalia kamba na kifungo vizima. Stika peke yake usiiamini, zipo za kubandika tu. Na helmeti ikishapiga chini mara moja lile povu limeisha hata kama nje haina mkwaruzo, kwahiyo ya mtumba usojua imetoka wapi iache. Kuna jamaa alisikia kule kazini kwa mdogo wangu wametupa kofia nzuri ya mahameli baada ya mtu kuanguka akaniomba niagize aje apandie pikipiki. Nikamkatalia, kwanza imeshaanguka, pili ya farasi imetengenezwa na kupimwa kwa habari za farasi, kwato na kuanguka kutoka juu ya mnyama, pikipiki ina mwendo mwingine na vipimo vingine.

Ila na madereva niwaseme. Unakuta kaka kavaa helmeti ya maana, ya uso mzima, kioo cheusi, anaijali anaipangusa, halafu ya abiria ni kile kiganda chenye ufa kinaning'inia kwenye usukani, kamba ilishakatika zamani. Huyo abiria ndo anaekulipa. Tafiti nyingi zilikusanywa pamoja mwaka 2008 zikaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa mwenye pikipiki kufa kwenye ajali kwa karibu asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69, sasa hiyo asilimia kwa nini iwe yako tu alokaa mbele?

Na wazee wetu wa Ijumaa. Babu mmoja jirani ana kofia ya kiua ya mkono, kazi ya miezi ile, matundu yamepangwa huwezi kuona mshono, na akipanda boda kwenda msikitini haivui. Nilipomsemesha akaniambia "mwanangu, hii nikiivua barabarani nitaonekana vipi?" Sikumbishia, mana namuelewa, kofia ile Tanga inasomwa, watu wanajua ya mashine na ya mkono kwa mbali. Nikaongea na mjukuu wake akamshonea kifuko kigumu chenye boksi ndani, kofia inaingia bila kukunjika, babu anavaa helmeti, akifika anaivaa kofia yake pale nje ya msikiti kabla ya kwenda kutawadha. Ijumaa ya kwanza alinung'unika. Sasa wenzake wawili wanataka vifuko.

Mimi naamini wakivaa hawa tunaowatazama, wazee wenye kofia zao, mabibi harusi, wale dada wa Raskazone ambao wakivaa gauni leo kesho mtaa mzima unalitafuta, na wengine watavaa. Nina harusi ya mteja wangu mwezi ujao, wapambe watakwenda na boda kwa maringo kupita barabara ya kumi na mbili, na bibi harusi mwenyewe kakubali wapambe wote wawe na helmeti, tumeongea tuzipake rangi ya sare. Madereva wa kijiweni kwetu nao wamekubali kutafuta nzima zenye kamba. Boneti za satini nimeshashona, ziko saluni rangi tatu, nauza kwa bei ya kitambaa tu, mwenye kutaka aje hata kama hasuki.