Majimoto wamerudi kwenye michungwa ya mjomba

Jana jioni nimehesabu viota vya majimoto, wale sisimizi wa mitini wanaoshona majani kuwa viota, kwenye michungwa: 11. Mwaka jana wakati kama huu hakikuwepo hata kimoja, na aliyevimaliza ni mimi.

Shamba ni la mjomba, huku Mingoyo, Lindi. Michungwa 26, mindimu 4, na mikorosho imelizunguka pande tatu. Tangu miguu ianze kumsumbua, mimi ndiye ninayeliangalia. Julai ile vijana walikuwa wanapuliza mikorosho, salfa kwanza kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, halafu dawa ya maji ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Ikabaki dawa kidogo kwenye mashine. Nikawaambia wamalizie kwenye michungwa, maana majani machanga yalikuwa yamejikunja kwa vidukari, na wachumaji walikuwa wananilalamikia kwa kuumwa na majimoto. Mjomba alikuwa barazani. Akaniuliza, "Mwanangu, na hao majimoto je?" Nikamjibu nao watakufa, mjomba, tutachuma kwa raha.

Wakafa kweli. Mwisho wa Agosti majani ya chini yakaanza kuwa meusi kama sufuria ya kuni, ukipitisha kidole yananata. Juu yake, kwenye vijiti, walikuwa wamejipanga wadudu gamba wa kahawia, wametulia kama vidonda vilivyokauka. Wao ndio wanaonyonya utomvu na kudondosha ule utamu unaoota ukungu mweusi kama masizi. Oktoba ikaja kutu: machungwa mabichi yakawa kama yamepigwa vumbi, kisha ganda likakakamaa na kuwa kahawia. Ndani maji yalikuwa matamu vilevile, lakini mnunuzi haonji, anatazama. Alinipa nusu ya bei, nikapokea kwa sababu nilihitaji ile hela.

Mimi nilidhani kutu ile ni ugonjwa wa ukungu na nilishaanza kutafuta dawa nyingine. Bahati bwana shamba alipita na kioo chake cha kukuzia. Akachuma chungwa, akaligeuza upande usiopigwa na jua moja kwa moja, akanipa. Kwanza sikuona kitu. Macho yalipotulia nikaona vitu vya njano iliyopauka, vyembamba kama kabari, vinatambaa kati ya vitundu vya ganda. Vingi mno! Ni utitiri wa kutu. Kwa joto letu, kutoka yai mpaka mdudu mzima ni siku 7 hadi 10 tu.

Alichonieleza siku ile ndicho kilichonifanya niandike haya. Dawa ile ya mikorosho haikuwamaliza utitiri wa kutu, na mdudu gamba aliye chini ya gamba lake haimfikii vizuri. Iliwaua adui zao: utitiri mwingine unaowala hao, vimende vya mviringo vyenye madoa, na vinyigu vidogo vinavyotaga mayai ndani ya wadudu gamba. Niliwafukuza walinzi, wezi nikawaachia mlango.

Kwenye mindimu, wadudu gamba walikozidi, nikapuliza mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chakula kwa lita ya maji, na sabuni ya maji kidogo ili yachanganyike. Kwenye michungwa yenye kutu, salfa ya kuchanganya na maji, alfajiri, kwa sababu joto likipita kama nyuzi 32 salfa inababua majani na matunda. Na mti uliopata mafuta usiupe salfa mpaka upite mwezi. Viwili hivyo vikikutana vinaunguza. Tafadhali, vaeni miwani na mfunike pua. Salfa machoni ni mateso.

Majimoto tuliwarudisha kwa maelekezo ya mjomba. Kwenye mwembe wa mpakani walikuwa bado wapo. Tukafunga kamba kutoka tawi la mwembe hadi mchungwa wa kwanza, kisha mti kwa mti, ili wasipite chini ambako sisimizi wa ardhini wanapigana nao. Siku ya tatu niliwaona wamebeba kiwavi juu ya kamba, sita au saba, kila mmoja anavuta kwa nafasi yake. Nilisimama pale mpaka jua likaniuma kichwa. Kweli, nao hufuga wadudu gamba kwa ajili ya utamu, na utitiri si chakula chao. Lakini viwavi wale wanaotoa pembe ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, waliokuwa wanamaliza miche yangu, sasa siwaoni.

Wachumaji wanapaka majivu mikononi na tunaanza mapema, kabla jua halijachangamka. Mashine ya mikorosho haivuki tena mstari wa mindimu.

Mchungwa ulio karibu na kisima bado una kutu upande wa ndani. Nimenunua kioo changu. Jumamosi nitachuma matunda 10 ya mti ule, nitazame moja moja kabla ya kugusa salfa.