Presha haingoji kichwa kiume

Jamani, kidonge cha presha si cha maumivu. Wengi hukimeza kichwa kikigonga tu. Kipimo kikionyesha 130/80 wanasema "nimepona", pakiti inabaki kabatini. Hiyo 130/80 ni kazi ya dawa! Amlodipini, moja ya dawa za presha, hutoka mwilini taratibu: ukiacha leo, kesho na keshokutwa bado unajiona mzima, ndiyo maana imani hii inashika sana. Presha inapanda kimyakimya, figo na mishipa ya ubongo vinaumia bila dalili. Ukipima nyumbani, tulia dakika 5, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee, pima mara 2, andika. Daftari hilo mpelekee daktari kabla hujaacha hata kidonge kimoja. Miguu ikivimba kwa dawa, mwambie. Zipo nyingine za kubadilisha.